Kabla ya Kusema Bodi Imekufa

Oveni ya kujengewa ukutani huficha karibu kila kitu chake. Kwa mbele unaona kioo, vitufe vichache na saa ya tarakimu. Mwili wote umezama kwenye kabati, nyaya ziko nyuma, na bodi ya elektroniki inayoamua kila jambo imelala juu ya tanuri lenye joto la nyuzi 200 na zaidi, ikikingwa na tabaka la sufu ya madini na upepo wa feni moja ndogo. Oveni hizi zimezoeleka sasa katika nyumba za Mikocheni na Mbezi Beach jijini Dar es Salaam, Nyali jijini Mombasa na Kilimani jijini Nairobi. Siku moja saa inazima, au inawaka vizuri lakini tanuri halipati moto, na fundi anaitwa. Fundi mwenye haraka hubonyeza vitufe, hutikisa kichwa na kusema: "Mama, bodi imekufa. Hapa ni kuagiza nyingine." Hukumu hiyo huchukua dakika chache kutolewa, na mara nyingi bodi mpya pamoja na usafiri wake huifanya familia ianze kufikiria kununua oveni nyingine kabisa.

Mimi nataka kuandika kuhusu fundi mwingine, yule anayekataa kutoa hukumu hiyo mpaka amemaliza kupima. Nimewashikia tochi mafundi wa aina hii jikoni, nimewaangalia wakifanya kazi, na naamini ustadi wao haujaheshimiwa inavyostahili. Mikono yao ni mizuri, lakini kinachonivutia zaidi ni mpangilio wa fikra zao: kitu gani kitangulie kuulizwa, kipi kipimwe baada yake, na kipi kisiguswe kwanza.

Maswali huja kabla ya bisibisi. Ilizima ghafla, au mwanga wa saa ulianza kufifia taratibu? Umeme ulikatika siku hiyo? Uliporudi, taa za nyumba ziliwaka kwa nguvu kupita kawaida? Mlikuwa mmewasha ile programu ya kujisafisha kwa moto? Na feni ya juu, ile inayoendelea kuvuma hata baada ya kuzima oveni, mara ya mwisho mliisikia lini? Dada wa kazi akiwepo naye huulizwa, tena kwa adabu, kwa sababu anayepika kila siku ndiye anayejua mashine ilianza lini kubadilika. "Dada, keki zilikuwa zinaiva kama zamani?" Akijibu kwamba tangu Ramadhani zilikuwa zinatoka mbichi katikati, fundi ameshapata jambo kubwa bila kufungua hata skrubu moja. Hitilafu haikuzaliwa jana. Kuna kitu kimekuwa kikitoa taarifa ya uongo kwa miezi.

Kila jibu hufunga mlango fulani na kufungua mwingine. Oveni iliyozima umeme uliporudi kwa kishindo inampeleka kwenye sehemu ya bodi inayopokea umeme. Iliyofifia kwa wiki kadhaa inamfanya azishuku kapasita. Iliyokufa usiku wa kujisafisha, pale tanuri linapofika karibu nyuzi 500, inamfanya aifikirie swichi ya usalama wa joto na ile feni. Na ile inayokubali asubuhi ikiwa baridi halafu ikagoma baada ya nusu saa inamfanya awaze kiungo cha risasi kilichopasuka, ambacho hukutana kikiwa baridi na kuachana kikipata moto.

Kisha anaiangalia saa. Oveni nyingi, hasa zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya, hupepesa sifuri baada ya umeme kukatika na hukataa kupasha mpaka saa iwekwe upya. Taa ya ndani itawaka, feni huenda ikazunguka, lakini moto hakuna. Nyingine zina kufuli ya watoto yenye alama ya ufunguo, na nyingine zina hali ya maonyesho ya dukani, ambapo kila kitu kinaonekana kufanya kazi isipokuwa joto. Fundi mkweli huyaondoa haya matatu mezani kwanza. Nimeona sura ya mwenye nyumba anapogundua kwamba oveni aliyokwisha kuiandikia barua ya kuzikwa ilikuwa inasubiri kuambiwa ni saa ngapi.

Ikiwa si saa, breka inazimwa, na baada ya kuizima anapima kuhakikisha kwamba imezima kweli, kwa kuwa maandishi kwenye kisanduku cha breka hayaaminiki katika nyumba iliyopita mikononi mwa mafundi wengi. Mlango wa oveni unatolewa ili kupunguza uzito, skrubu za pembeni zinalegezwa, na watu wawili wanaivuta mashine yenye kilo 30 na zaidi juu ya blanketi lililokunjwa. Nyaya zinapigwa picha kabla ya kuguswa. Halafu jicho lake linakwenda mahali ambapo wengi hawaangalii: pale waya wa ukutani unapoungana na oveni. Skrubu iliyolegea hapo hupata moto, plastiki hugeuka kahawia, waya wa niutro huungua, na bodi hupokea umeme unaokatika na kurudi mara nyingi kwa sekunde. Bodi ngapi nzima zimetupwa kwa kosa la skrubu hiyo? Huwezi kujua, maana hakuna aliyezipima.

Hapa mita ya kupimia huanza kuzungumza, na hapa ndipo napenda kukaa.

Fundi huigawa oveni katika pande tatu. Bodi inaamuru, koili ya kupasha inatii, sensa inaleta habari. Oveni isiyopata moto inaweza kuwa na ugonjwa upande wowote, na dalili kwa mpishi ni ileile. Kwa hiyo anaanza na koili, kwa sababu hesabu yake ni rahisi na haina ubishi. Koili ya wati 2000 kwa umeme wa volti 230 inapaswa kuwa na ukinzani wa ohmu 26 hivi: 230 mara 230, gawa kwa 2000. Anaandika kwenye kipande cha boksi, anaweka ncha mbili za mita, anasoma. Ikitoka 26 au 27, koili haina neno. Isiposoma kitu kabisa, imekatika, na bodi imesingiziwa.

Anapima pia kati ya koili na mwili wa chuma wa oveni, na kwetu pwani kipimo hiki kina uzito wake. Waya wa ndani ya koili umezungukwa na unga wa oksidi ya magnesiamu, ambao unapitisha joto vizuri na kuzuia umeme, ila una tabia ya kuvuta unyevu wa hewa. Oveni iliyokaa miezi bila kutumika katika nyumba ya Mombasa au Unguja inaweza kuangusha breka ya kinga ya shoti kila inapowashwa, na watu wakaamini imeungua. Fundi anayeujua unga huo huitoa koili, huikausha kwa joto la taratibu, hupima tena, na mara nyingi anairudisha kazini. Hakununua chochote. Alichotumia ni ujuzi wa tabia ya unga uliofichwa ndani ya bomba jembamba la chuma.

Sensa ndiyo sehemu inayonifurahisha kuliko zote. Katika oveni nyingi ni kijiti cha chuma chenye platinamu kidogo ndani, na wazo lake ni la zamani kuliko oveni za umeme: Wilhelm Siemens alilieleza London mwaka 1871, na katika miaka ya 1880 Hugh Callendar akaonyesha kwamba platinamu safi, ikifungwa vizuri, inaweza kuaminiwa kama kipimajoto. Ukinzani wa platinamu hupanda pamoja na joto kwa kadiri inayojulikana. Sensa ya aina iliyoenea ina ohmu 1000 kwenye nyuzi sifuri, na huongezeka karibu ohmu 3.85 kwa kila nyuzi moja. Jikoni Dar es Salaam, mchana wa nyuzi 30, fundi anategemea kusoma ohmu 1117 hivi. Zipo oveni zenye sensa za namna nyingine, na kwa sababu hiyo husoma kwanza karatasi ya mashine husika. Lakini akishajua aina, hana haja ya kubahatisha. Kijiti kinasema joto la chumba, na kipimajoto cha ukutani kiko pale kumshuhudia.

Sasa rudi kwa yule dada na keki zake mbichi. Chukua kiunganishi cha sensa kilichoshika kutu kwa hewa ya chumvi, kikaongeza ohmu 40 zisizo za haki. Bodi itazisoma kama joto. Itaamini tanuri lina nyuzi kumi hivi zaidi ya zilizomo, na itazima koili mapema, kila siku, kwa uaminifu kabisa. Sensa ikikatika moja kwa moja, ukinzani unakuwa mkubwa mno, bodi inadhani tanuri linateketea, inaonyesha namba ya hitilafu na kukataa kuwasha. Mtu asiyepima anaona bodi iliyoharibika. Anayepima anaona bodi inayoilinda nyumba isiungue, na tiba ni kusafisha vipini viwili vya shaba.

Basi tuseme koili ni nzima, sensa ni nzima, swichi ya usalama haijafyatuka. Ni hapo tu bodi inapotolewa. Fundi anaigeuza chini ya taa kali na kwa muda mrefu hafanyi kitu kingine zaidi ya kutazama. Anatafuta vumbi lililochanganyika na mvuke wa mafuta, njia nyeusi za umeme uliopita pasipotakiwa, mende, mayai ya mjusi. Mjusi wa ukutani hupenda pale kwa sababu kuna joto, na mwili wake ukigusa mistari miwili ya umeme mkubwa, wote wawili huisha, yeye na kipande cha bodi.

Kisha viungo. Kila rilei, ile swichi ya kwenye bodi inayowasha koili, hupata moto inapobeba ampea 8 au 10, na hupoa oveni ikizimwa. Bodi hutanuka na kusinyaa, na baada ya miaka risasi inayozunguka mguu wa rilei hupasuka mduara mwembamba kama unywele. Macho ya kawaida hayauoni. Fundi huinamisha bodi mpaka mwanga uje kwa upande, huweka lenzi, na mduara unajitokeza. Anaondoa risasi kuukuu yote, kwa kuwa kuongeza mpya juu ya iliyochoka ni kuahirisha tatizo, anasafisha, anaweka mpya, anaangalia kama imetambaa vizuri na kung'aa. Kazi ya dakika chache kwa pasi ya kulehemu, baada ya saa nzima ya kutafuta.

Hitilafu inayowachanganya wengi ni ile ya saa kuwaka huku koili hazipashi. Mwenye nyumba anasema, "Lakini bodi ina umeme, si unaona saa?" Katika bodi nyingi za bei ya kati hakuna transfoma, umeme wa volti 230 unapunguzwa kwa kapasita moja ya umbo la kisanduku. Kapasita ya mikrofaradi 1 hupitisha milliampea 72 hivi, na hizo ndizo zinazoendesha saa na kuvuta rilei. Kila umeme unaporuka, utando mwembamba ndani yake hutobolewa, na kapasita hujiponya kwa kuunguza sehemu ndogo ya chuma chake kuzunguka tundu. Imebuniwa hivyo ili isilete moto. Lakini kila uponyaji unakula sehemu ya uwezo wake. Ikifika mikrofaradi 0.5, mkondo umebaki nusu. Saa, ambayo haihitaji nguvu, inaendelea kung'aa. Rilei, ambayo inahitaji, haivutiki. Kapasita hiyo haijavimba, haijaungua, haina alama yoyote kwa nje. Njia pekee ya kuijua ni kutoa mguu wake mmoja kwenye bodi, kupima, na kulinganisha na namba iliyoandikwa mgongoni mwake. Bei yake haifikii hata nauli ya bodaboda ya kuifuata. Ninaona uzuri mkubwa katika ugunduzi huu: mashine iliyohukumiwa kifo inafufuliwa na kitu kidogo kuliko kiberiti, na fundi amekifikia kwa kufikiri.

Bodi za namna hiyo zina hatari inayodai heshima. Kwa kuwa hakuna transfoma ya kutenganisha, hata upande wa volti 5 unaweza kuwa na volti 230 ukilinganisha na ardhi. Katika bodi za aina nyingine, kapasita kubwa hubaki na zaidi ya volti 300 muda mfupi baada ya kuzimwa. Fundi mzuri huzimwaga chaji hizo kwa rezista na hupima tena kabla ya kuweka kidole. Kama wewe si fundi, kazi yako inaishia kwenye saa, kufuli ya watoto na breka. Zaidi ya hapo mwite anayejua.

Wapo wanaobadilisha kilichokufa na kuondoka. Mafundi ninaowasifu huongeza swali moja: kilikufa kwa nini? Umri wa kapasita za elektroliti hutegemea joto. Kanuni inayofuatwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri huo kwa nusu hivi. Feni ya kupoza ikiwa imekauka mafuta, au kabati likiwa limejengwa bila nafasi ya hewa kama maelekezo ya oveni yanavyotaka, bodi mpya inawekwa kwenye joto lilelile lililoiua ya zamani. Kwa hiyo anazungusha feni kwa kidole na kusikiliza. Anapitisha mkono nyuma ya kabati. Wakati mwingine matengenezo ya kweli ni fundi seremala kukata tundu la hewa, na ni wachache wanaojua kwamba waliokolewa na msumeno.

Kujaribisha nako kuna utaratibu. Bodi iliyotengenezwa haichomekwi moja kwa moja kwenye umeme mkuu. Huunganishwa kwa mfululizo na balbu ya zamani ya wati 100, ile ya waya. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti, na balbu imebeba mzigo badala ya bodi kulipuka. Ikimweka kidogo kisha ikazima, umeme unapita kwa kiasi. Balbu hizo zinaanza kuadimika madukani, na mafundi wanaozijua wanazitunza. Baada ya hapo kila kitu kinarudishwa, na kipimajoto cha pembeni kinawekwa katikati ya tanuri. Oveni inawekwa nyuzi 180 na fundi anakaa. Anasubiri koili izime na kuwaka tena mara kadhaa, akiandika. Rilei inalia tiki, joto linapanda kidogo kupita alama, linashuka, linapanda. Akiondoka kabla ya hapo ameacha kazi nusu.

Si kila bodi hupona. Ile sehemu ndogo nyeusi yenye programu ya kiwandani ikiungua, hata ukiipata nyingine tupu dukani haitajua kazi yake. Sehemu za bodi zilizogeuka mkaa huendelea kupitisha umeme hata zikisuguliwa. Fundi mwenye adabu husema hivyo waziwazi, huonyesha alipopima, na haongezi bei ya matumaini. Naye anaposema bodi imekufa, mwamini.

Ujuzi huu unapatikana kwa njia nyingi: vyuo vya ufundi vya VETA nchini Tanzania, karakana za Kariakoo, vibanda vya Luthuli Avenue jijini Nairobi, ambako kijana hukaa miaka mingi pembeni ya fundi mkubwa akichomoa risasi kabla ya kuruhusiwa kutoa uamuzi. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazini bila kupita darasani, na waajiri wa hoteli na wasimamizi wa majengo wangefanya vizuri kuwatafuta watu hao.

Nawe mwenye nyumba, piga picha kibandiko cha namba kilichopo kwenye fremu ya mlango wa oveni yako, uiweke kwenye simu. Ukimwita fundi, mwambie akuonyeshe alichopima kabla hujakubali kununua kitu. Na mlipe uchunguzi wenyewe, kwa bei mliyopatana mlangoni, hata akikuta tatizo lilikuwa saa tu. Anayelipwa kwa kuuza bodi peke yake ataona bodi mbovu kila jikoni.